Tone Ambalo Sikulitazama

Kisarawe, Jumapili, 1 Machi 1953

Daftari hili lilikuwa la majina ya wagonjwa. Panya wametafuna kona yake, na Bwana Andrew, mkuu wa dispensari, anaona aibu kupeleka bomani kitu kilichotafunwa, kwa hiyo amenipa mimi. Kurasa bado zinanuka dawa. Nitaandika humu mpaka masika yaishe, au kurasa ziishe.

Wifi Siwema ameniona nimeinama mkekani na kalamu.

"Unaandika nini, wifi?"

"Mvua."

"Mvua yenyewe iko wapi?"

"Basi naandika mawingu."

"Haya. Waandikie na vijana wa bomani, wajue humu kuna mwali anayeandika mawingu. Pengine atatokea mmoja mwenye wazimu kama wako."

Siwema ni mke wa kaka yangu Mwinyijuma. Tunaishi watatu tangu baba na mama walipofariki, na masika yakiisha tutakuwa wanne, Mungu akipenda. Mimba yake ina miezi sita, ni ya kwanza. Akikaa kusuka ukili huuweka ule mkunjo juu ya tumbo, kama mtu aliyepata meza.

Jumatano, 4 Machi

Miezi tisa sasa niko dispensari. Shuleni Dar es Salaam nilifundishwa kushona, kuoka keki na kusema Kiingereza mbele ya wageni. Hadubini nimefundishwa hapa, na Bwana Andrew, ambaye hukunja miwani na kuikunjua kila nikikosea, wala hasemi neno.

Kila mwenye homa tunamchoma kidole, tunaweka damu yake mahali pawili juu ya kioo kimoja. Upande mmoja tunaiacha iwe tone nene. Upande wa pili tunaivuta kwa ukingo wa kioo kingine, iwe utando mwembamba usiozidi pumzi. Tone ni la kutafutia, kwa sababu damu nyingi imekusanyika mahali padogo. Utando ni wa kutambulia. Bwana Andrew husema anza na tone, hata kama macho yanauma, ndipo uende kwenye utando.

Lakini tone likishatiwa rangi, chembe nyekundu hupasuka zote. Hubaki kifusi, kama mahali palipobomolewa nyumba. Kwenye utando kila chembe ni nzima, mviringo, rangi ya ua la mbaazi linapochakaa, na ndani ya mojawapo unakuta pete. Pete ya buluu yenye kijiwe chekundu. Huyo ndiye mdudu wa malaria. Hana kichwa, hana mguu. Mwili wake wote ni chembe moja, imekaa ndani ya chembe ya mtu.

Nakiri hapa ambapo hakuna atakayesoma: napenda utando.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Siwema amesimama uani mpaka kanga ikamganda mwilini, anacheka na mdomo wazi.

Jumatatu, 9 Machi

Leo wagonjwa walikuwa wachache, na Bwana Andrew alikuwa na maneno, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwezi. Alipokuwa Dar es Salaam kwa mafunzo, daktari mmoja aliwaeleza kwamba mbu akishamuuma mtu, mdudu haanzi na damu. Huenda kwanza kujificha katika ini. Humo huongezeka siku nyingi, na mtu hana homa wala habari, analima, anacheza ngoma. Madaktari wenyewe wamelijua jambo hili miaka mitano tu iliyopita.

"Kisha huingia kwenye damu," alisema. "Kila mmoja na chembe yake. Anakula wekundu wa chembe kutoka ndani, na uchafu wake hana pa kuutupa, unabaki humo humo, mchanga mweusi. Akishiba anajigawa. Nane, kumi na sita, wakati mwingine zaidi. Nyumba inapasuka. Wanatoka, kila mmoja anatafuta yake. Siku mbili baadaye, tena."

"Wanatoka wote saa moja?"

"Karibu wote. Hapo ndipo mgonjwa anapotetemeka."

"Nani anawaambia kwamba saa imefika?"

Alikunja miwani. "Bi Mwamini, mengine waulize wenyewe."

Nilirudi nyumbani polepole chini ya matone ya minazi. Nikawa nafikiri juu ya nyumba isiyo na mlango, ambayo mgeni anaingia bila kupiga hodi na bila kuacha tundu, na mwenye nyumba anaendelea kupita mishipani amembeba, mpaka moyoni na kurudi. Nilipita njia ya kwetu bila kuiona. Nikajikuta karibu na bomani.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua. Watoto watatu, vioo vitatu, pete katika vyote.

Jumanne, 17 Machi

Nimeota niko katika chumba cha mviringo, chekundu, chenye joto. Ukuta ulikuwa laini. Nikaugusa, nikaonja kidole, kitamu. Nikala ukuta kidogo. Katika ndoto sikuona vibaya. Nilikuwa na raha, na nilijua kwamba punde nitakuwa wengi.

Nilimsimulia Siwema asubuhi akinisuka. Akavuta nywele kwa nguvu. "Ndoto ya mimba hiyo, na mimba ninayo mimi. Usiniibie."

Ijumaa, 20 Machi

Barabara imekatika. Sanduku la dawa la mwezi huu halijafika, klorokwini imebaki chupa moja. Bwana Andrew ametoa amri: bila mdudu kuonekana kwenye kioo, hakuna kidonge, hata kwa ndugu. Kisha akaondoka na baiskeli kwenda Maneromango kwa chanjo. Ameniachia funguo. Atarudi baada ya siku kumi au zaidi.

Jumatano, 25 Machi

Siwema ana homa.

Alhamisi, 26 Machi

Homa imeshuka alfajiri, jioni imerudi. Hali kitu. Macho yake yamekuwa meupe ndani ya kope. Anasema mwanamke fulani amesimama nyuma ya mtungi wa maji.

Ijumaa, 27 Machi

Kaka Mwinyijuma alimleta dispensari amemshika kiuno. Walikuwapo watu ishirini na kitu barazani, wengine wamelala chini, maji ya mvua yanatiririka mpaka miguuni mwao. Nilimchoma wifi yangu kidole. Damu ilitoka nyepesi. Nikaweka tone, nikavuta utando. Ulikuwa utando mzuri kuliko yote niliyowahi kuvuta, mwisho wake umechongoka kama ulimi.

Siku za mvua tone halikauki. Utando hukauka ukiupepea, lakini tone hukaa bichi saa nyingi, na ukilitia rangi kabla ya wakati linabanduka. Hadubini yetu haina taa, ina kioo kidogo cha kuchukua mwanga wa dirishani, na mawingu yalikuwa yanashuka. Kaka alisimama mlangoni.

"Mwamini, vipi?"

"Ngoja."

Nikatia rangi utando peke yake. Nikatazama. Chembe zilikuwa chache, zimepauka, lakini zimepangika kwa utulivu, kama mashua za karatasi kwenye maji yasiyotembea. Nilikwenda kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna pete hata moja. Nilifurahi kiasi kwamba nilibaki natazama, si kwa kutafuta tena, bali kwa kupumzika.

"Damu yake ni safi," nikamwambia kaka.

"Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu. Hakuna mdudu."

Akashusha pumzi. Nikaandika kitabuni: Siwema binti Kitwana, mjamzito, hakuna. Jioni vioo vilikuwa vimekwisha, nikaviosha vyote kwa sabuni ili tupate vya kesho. Na chake.

Jumamosi, 28 Machi

Mama yake Siwema, Bi Zubeda, amefika kutoka Kongowe ya Kibaha, matope mpaka magotini. Mtoto wa kwanza mtu humzalia kwa mama yake, kwa hiyo angekuja kumchukua hata bila ugonjwa. Alimgusa bintiye paji la uso, akanitazama mimi.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Ni homa ya damu?"

"Si homa ya damu, mama."

"Basi ni shetani, na shetani ana ngoma yake," akasema, akaanza kufunga nguo.

Jumatatu, 30 Machi

Wameondoka na treni ya Pugu, Siwema amebebwa kwenye machela mpaka stesheni. Kaka amekwenda nao. Nyumba imekuwa kubwa.

Jumatano, 1 Aprili

Bwana Andrew amerudi. Alivua viatu, akafungua kitabu cha wagonjwa kabla hata ya kunywa maji. Kidole chake kilishuka polepole kikasimama.

"Mjamzito huyu. Tone lilionyesha nini?"

"Nilitazama utando."

"Nimekuuliza tone."

"Halikukauka. Nikaliosha."

Alikunja miwani, akaikunjua. Nilitaka aseme neno lolote. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kawaida, "Katika utando, ukimkosa mmoja, umewakosa wote. Na hata ungetazama tone, mwanamke mwenye mimba si kama wengine. Wadudu wakikomaa hawapendi kuzunguka. Hunata kwenye mishipa ya ndani. Na mimba ina kondo la nyuma, humo pamejaa damu, pana joto, pamejificha. Wanaweza kujaa humo kama siafu, na kidoleni usipate hata mmoja. Yuko wapi sasa?"

"Kongowe. Wanampigia ngoma ya shetani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilisema damu ni safi."

Alinihesabia vidonge kumi kutoka chupa ya mwisho, akavifunga katika karatasi. Vinne kwa mara moja, viwili baada ya saa sita, viwili kesho yake, viwili keshokutwa. Hakutaja amri yake. Nami sikutaja.

Kongowe, Alhamisi, 2 Aprili

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Niliteremkia stesheni ya Soga. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu, na njia yenyewe ilikuwa mto mwekundu. Nilivua viatu nikavitia kwenye kikapu pamoja na vidonge na vioo viwili. Nyasi zilikuwa zimenipita kimo, kila mahali maji yanatembea bila sauti. Kwa muda mrefu sikukutana na mtu. Nilihisi kama mimi ndiye ninayebebwa, kwamba dunia hii yote nyekundu ina mapigo, na kwamba kuna mahali ninapopelekwa bila kupenda. Niliwaza: sasa hivi ndani ya Siwema wamefika saa ngapi? Wanakula, au wamekwisha kujigawa?

Nilisikia ngoma kabla ya kuona nyumba. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nyuma ya nyumba ya Bi Zubeda kulikuwa na kibanda cha makuti, wanawake wamekaa mduara, ubani unafuka. Siwema alikuwa katikati, amefunikwa shuka jeupe, kichwa kimeinama. Midomo imepasuka. Sikumjua mpaka nilipoona mikono.

Kaka alinizuia nje ya mduara.

"Umefuata nini?"

"Nimeleta dawa ya homa."

"Homa gani?" Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko ukali. "Nimewaambia watu wote hawa: dada yangu ametazama kwa mashine ya serikali, mdudu hakuna. Ndiyo maana wamekubali kuja kucheza. Leo unanifanya nani mbele yao?"

"Kaka, nilikosea."

"Sema tena?"

Ngoma ilikuwa imenyamaza, na mimi sikuwa nimegundua. Watu wote walinitazama. Miaka yote niliyosoma, baba akiuza minazi ili nisome, alisema elimu ni kupata neno la kusema mbele za watu. Neno langu likawa hilo.

"Nilikosea. Kulikuwa na tone ambalo sikulitazama. Nilitazama utando, ulio mwepesi. Sijui kama damu yake ni safi. Nadhani si safi."

Bi Zubeda aliinuka. "Na dawa hizo chungu si ndizo zinazotoa mimba?"

"Hiyo ni kwinini, mama, watu wakiizidisha. Hivi ni vingine."

"Na mtoto akitoka?" kaka akauliza.

"Nitakuwa nimekosea mara mbili."

Hapo mganga akasema, "Mwacheni aje." Anaitwa Bi Swaumu. Ni mwembamba, ana sauti kavu kama ganda la njegere, naye ndiye mkunga wa Kongowe nzima. Sikumpenda kabla sijamwona. Alinikalisha mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hao wadudu wako humkalia mtu?"

"Humkalia, bibi. Ndani ya damu. Kila mmoja amejifungia ndani ya chembe ndogo, mnyama ndani ya punje."

"Huomba nini?"

"Hawaombi kitu."

"Hawaombi nguo nyekundu? Halua? Marashi?"

"Hawana hata kinywa, bibi."

Mwanamke mmoja akacheka. "Kama mume wangu, hali, lakini sufuria tupu!"

"Nyamaza wewe," Bi Swaumu akasema, lakini pembe ya mdomo wake ilitikisika. "Hukaa mpaka lini?"

"Mpaka nyumba iishe kuliwa. Kisha hupasua, wakatoka wengi, wakaingia nyingine. Hawamjui mtu. Hata hawajui kama yuko."

Bi Swaumu aliongeza ubani kwenye makaa. Mvua ilikuwa inaanza kudondoka kwenye makuti.

"Leo siku ya tatu," akasema, si kwangu, bali kwa Bi Zubeda. "Nimempandisha kwa nyimbo za pwani, nimempandisha kwa za bara. Hatikisi hata bega. Kila shetani wangu akikalia kiti, yaani mgonjwa wake, husema jina lake, akasema shida yake, tukampa, tukawa jamaa. Miaka arobaini sijaona aliyekataa kutaja jina. Asiyeomba si mgeni. Ni mwizi, na mimi na mwizi hatuna mazungumzo." Akanigeukia. "Mpe vidonge vyako. Ubani wangu hauzimwi, lakini haugombani na mtu."

Siwema alimeza vinne, kimoja kimoja, maji yakimtiririka kidevuni. Hakunijua. Aliniita mama.

Ijumaa, 3 Aprili

Homa.

Jumamosi, 4 Aprili

Homa, kisha jasho. Shuka tumelikamua.

Jumapili, 5 Aprili

Amefungua macho, akauliza kwa nini nina matope kwenye nyusi. Mtoto anacheza tumboni. Bi Zubeda amenipa yai.

Kisarawe, Jumanne, 14 Aprili

Nimerudi kazini wiki nzima sasa. Natazama tone kwanza. Macho yanauma kama Bwana Andrew alivyosema. Kifusi, kifusi, kifusi, halafu kijiwe chekundu peke yake, bila nyumba. Sasa namwona kama alivyo, ameanikwa nje.

Kongowe, Alhamisi, 23 Aprili

Siwema aliagiza niwe naye, nami nikaomba ruhusa. Uchungu ulianza jana, mwezi mzima kabla ya wakati. Amezaa leo asubuhi. Msichana. Ni mdogo mno, mkono wake wote unalala juu ya kidole changu cha gumba. Alilia mara moja kwa sauti ya paka aliye mbali.

Kondo lilipotoka nilimwomba Bi Swaumu damu yake kidogo, kiasi cha ukucha.

"Kondo ni ndugu wa mtoto. Huzikwa mzima."

"Najua, bibi. Nataka kujua walikokaa."

"Ukijua, huyu atanenepa?"

"Hapana."

"Angalau husemi uongo." Alichukua kioo mkononi mwangu, kwa sababu hakutaka mkono wangu uguse, akakibandika mara moja upande uliokuwa umeshikana na mama, akanirudishia. Kisha akaenda kuzika lile lililobaki nyuma ya jiko.

Niliona rangi yake kabla halijafunikwa. Halikuwa jekundu. Lilikuwa na weusi wa majivu.

Jumamosi, 25 Aprili

Amekufa kabla ya adhuhuri, ana siku mbili. Hakuwa amepewa jina, maana jina hungoja siku ya saba. Kaka amemchukua mikononi peke yake.

Kisarawe, Jumatano, 29 Aprili

Nimetia rangi kioo cha kondo. Ningependa kuandika kwamba nililia.

Wamo. Katika kila sehemu ninayosogeza, chembe zimejaa, bega kwa bega. Si pete tu, bali wale wakubwa ambao hatuwaoni kamwe kwenye damu ya kidole, walioiva, wamejigawa kama chungwa, mchanga mweusi katikati. Wengine walikuwa wanapasuka wakati kioo kilipowagusa. Walikuwa humo siku zote. Nilipokuwa napumzisha macho juu ya ule utando mtulivu, walikuwa humo, wanakula chakula cha mtoto. Dawa ilifika ikawanyamazisha wiki mbili, wengine wakabaki, au wakarudi. Mtoto alikuwa amekwisha kudhoofika.

Je, tone la Machi lingewaonyesha? Bwana Andrew anasema pengine ndiyo, pengine siyo. Wote wawili tunajua kwamba jibu la ndiyo lingempa vidonge siku sita mapema. Ameomba nikihifadhi kioo hiki vizuri. Anataka kukipeleka Dar es Salaam wanafunzi wakione. Amesema hajawahi kuona kizuri namna hii, na nilijua alimaanisha nini, maana nami niliona hivyo hivyo, na kwa saa nzima sikuweza kuondoa jicho.

Siwema hajui. Siku ile ya ngoma alikuwa haelewi neno. Wengine wamemsitiri, au wamenisitiri mimi.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua.

Jumapili, 10 Mei

Kaka anasema nami habari za kuni na maji tu.

Alhamisi, 14 Mei

Mwezi wa Ramadhani umeonekana jana. Nafunga. Njaa inafanya hadubini iwe karibu zaidi. Leo nilidhani nasikia sauti humo, kama mchele unavyopepetwa nyumba ya tatu.

Jumamosi, 23 Mei

Hakuna mvua.

Jumatano, 3 Juni

Arobaini imekwisha, Siwema amerudi jana. Amekonda, amekuwa mrefu. Leo alasiri alinifuata dispensari, wagonjwa wamekwisha ondoka na Bwana Andrew amekwenda bomani. Anga ilikuwa safi, mwanga umejaa dirishani.

"Bi Swaumu ameniambia ulichukua damu ya kondo," alisema. "Nionyeshe."

Nilitoa kioo kwenye pamba. Nikamwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Alihangaika, akaona kope zake mwenyewe, halafu akatulia. Alikaa hivyo muda mrefu sana.

"Hizi duara?"

"Ni damu yako."

"Na zilizomo ndani?"

"Ndio wao."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Hayupo humo. Hapo ni mlangoni pake. Chakula chake kilikuwa kinapita hapo."

Hakuinua kichwa. "Wazuri," akasema. "Ndiyo maana ulikuwa unachelewa kurudi nyumbani."

Hapo nikamwambia. Nilimwambia habari za tone na utando, mawingu, kaka mlangoni, neno nililoandika kitabuni, sabuni. Sikuuficha hata ule muda niliopumzika nikitazama damu yake kwa furaha. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya mwingine.

"Lile jingine ukaliacha kwa kuwa halijakauka," alisema.

"Ndiyo."

"Na kwa kuwa ni baya."

"Ndiyo."

"Kama ungelitazama, ungewaona?"

"Sijui, wifi. Sitajua."

Aliinua uso. Duara la hadubini lilikuwa limechapika kuzunguka jicho lake. Niliogopa kwamba atanikumbatia, na niliogopa kwamba hatanikumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Mwezi huu watu husameheana," akasema. "Mimi bado sijui. Usiniulize kila siku. Nikijua nitakuambia."

"Nitangoja."

"Ngoja ukifanya kazi." Akanyoosha kiganja. "Nipe hicho."

"Ni cha kupelekwa Dar es Salaam, wanafunzi..."

"Wifi."

Nilikitoa chini ya hadubini, nikakifuta mafuta ya kutazamia, nikamwekea kiganjani. Alikitazama kwenye mwanga. Bila hadubini si kitu, ni doa la buluu lisilozidi ukucha. Akakifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akasema atakipeleka Kongowe Idi ikipita, kikalale nyuma ya jiko pamoja na kilichobaki. Kisha akaniambia jua linashuka na nazi bado hazijakunwa, au nadhani futari hupikwa na malaika.

Tulirudi kwa njia ya minazi, yeye mbele. Nimekuna nazi mbili. Kesho Bwana Andrew atauliza kioo kiko wapi. Nitamwambia kimerudi kwa mwenyewe.